Ruhusa ya Mjomba Ignace

Mama yangu alipompa Bonaventure samaki mkono kwa mkono, mbele ya macho yangu, nilijua ndoa yangu imekufa.

Tulikuwa katikati ya ziwa, ndani ya boti ya Papa Kizito, mvuvi wa kutoka pwani ya kaskazini ambaye kila Alhamisi alikuwa akienda kisiwa cha Lumoni kununua mihogo. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 1963, na mji wetu bado uliitwa Albertville. Mama alikaa mbele, mimi katikati, Bonaventure nyuma karibu na mashine. Mama akafungua kitambaa cha chakula, akachagua samaki wa kuchoma aliye mkubwa kuliko wote, akainuka hivyo hivyo boti inayumba, akanipita mimi mwanawe wa kumzaa, akamwekea Bonaventure mkononi.

"Kula, kijana," akasema, akimtazama usoni. "Safari ni murefu."

Wewe unayesoma labda unasema, mama mkarimu huyo. Ngoja nikueleze. Kwetu, watu wa Kirungu, mama na mwanamume atakayemwoa binti yake hawatazamani. Hawali pamoja. Hawapeani kitu mkononi, na neno lao hupita kwa mtu mwingine. Wakikutana njiani, mama huacha njia, hugeuza mgongo, hujifunika kitenge. Kadiri anavyokukimbia, ndivyo alivyokukubali. Sasa mama yangu alikuwa anamkazia macho kijana wangu, amempa samaki, anangoja amtafune pale pale mbele yake. Maana yake ilikuwa moja tu: wewe si mkwe wangu, wewe ni mpita njia. Na akishakula, imekwisha.

Bonaventure alilijua hilo. Alikulia kwenye shamba lenye watu wa kila kabila, na desturi za kila mlango alizisoma kabla hajasoma kitabu.

"Asante, Mama. Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Asubuhi tumekukuta ku bandari unapiga miayo."

"Nilikunywa chai, Mama."

"Chai si chakula. Kula."

Akabaki amemshika yule samaki. Saa nzima alimshika. Mafuta yalimchirizika kiganjani mpaka kwenye saa yake, ile aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa ukarani wa bandarini. Papa Kizito alimwangalia, akaniangalia mimi, akaanza kukohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko. Mimi sikucheka. Miezi minane nimegombana na mama yangu kwa ajili ya mwanamume huyu, nimesusa chakula, nimelia hadi Papa, baba yangu, akahamia kusoma gazeti kwa jirani, halafu anakuja kuangamizwa na samaki.

Mwishowe alimfunga ndani ya leso yake na kusema atamla baadaye. Mama alirudi mbele, akakaa, akayatazama maji.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake. Baba yangu, Papa Pontien wa reli, alimpenda Bonaventure tangu siku ya kwanza, lakini hakuwa na neno la mwisho. Neno la mwisho lilikuwa la mjomba Ignace, mdogo wa mama, tumbo moja. Na mjomba Ignace alikufa siku ile ile niliyozaliwa mimi. Alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la miwa la kisiwani Lumoni, mahali ambapo wafanyakazi walipaita ku Sukari. Mama, aliyekuwa akiishi huko naye, alikuwa amekuja mjini kujifungua, na baada ya hapo hakurudi tena kisiwani. Wakati ananinyonyesha kwa mara ya kwanza, mashine ya kukamua miwa ilivuta mkono wa ndugu yake, na kabla ya jioni alikuwa amezikwa. Mama hakuona maiti, hakuona kaburi. Alichopata ni maneno: Ignace alikuwa amelewa. Kwa sababu hiyo katekista wa shamba hakumwombea, na watu wa ku Sukari wanaoishi mjini, hadi mwaka ule wakitaja jina lake, walitaja na pombe.

Aliyesema kwamba amelewa alikuwa kapita, msimamizi wa mashine. Jina lake Barthélemy. Na Barthélemy huyo, mwaka wa pili sasa akiwa kaburini, ndiye baba wa Bonaventure.

Nilimpenda kabla sijajua. Nawaambieni ukweli, na ningejua ningempenda vilevile.

Basi mwezi ule Bonaventure alimletea mama ujumbe kupitia Papa: kaburi la Ignace analijua lilipo, na kama Mama Léontine anapenda, atampeleka. Mama alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akasema, "Nitakwenda. Nitamuuliza Ignace mwenyewe."

*

Tulishukia kwenye gati la mawe ambalo nusu yake ilikuwa imeshazama. Papa Kizito alienda zake kwenye mihogo, akasema tuwe tumerudi jua likiwa bado juu. Sisi watatu tukashika njia ya kuingia bondeni.

Sikuwahi kuona mahali pazuri hivyo na penye huzuni hivyo. Milima miwili ya kijani imelikumbatia bonde, kijito kinapita katikati, na kila mahali miwa. Mzungu mwenye shamba, ambaye watu walimwita Kofia, aliondoka mwaka wa uhuru na hakurudi, lakini miwa haikupata habari hiyo. Imeendelea kuota kutoka kwenye visiki vyake, mwaka baada ya mwaka, imekuwa myembamba na mirefu, imeingia barabarani, imeingia ndani ya nyumba. Reli ndogo ya kusukumia vigari ilikuwa imefunikwa na majani, na mama alikuwa anaitafuta kwa miguu. Akiipata alisimama kidogo, halafu anaendelea.

Halafu akaanza kusema, na alikuwa anasema na mimi tu.

"Hapa njo palikuwa kisima. Hapa tulikuwa tunapanga mustari, wanawake, kabla jua halijatoka. Ile nyumba ilikuwa ya Mama Marthe, alikuwa na mbuzi mumoja anakula nguo za watu."

"Na nyumba yenu, Mama?"

Akaonyesha kwa kidevu. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na mafiga matatu na miwa imeota katikati yake. Mama akayasogelea, akainama, akayagusa moja moja. Nikataka kumshika bega, nikaogopa.

Ng'ambo ya njia palikuwa na nyumba ya matofali, mlango wa mbao bado umening'inia kwenye bawaba moja. Mama akaitazama kwa muda mrefu.

"Ile njo kwenu," akamwambia Bonaventure, macho kwa macho tena, bila aibu.

"Ndiyo, Mama."

"Mulikuwa na mulango. Siye tulikuwa tunafunga na mukeka."

"Ndiyo, Mama," Bonaventure akasema.

Mama alitangulia. Tukabaki nyuma hatua chache, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikapata kumwangalia mpenzi wangu nitakavyo. Alikuwa na panga la kufyekea njia, shati lake jeupe la ofisini limekwisha kuchafuka, na jasho linamtoka shingoni pale ninapopapenda. Akanitazama na macho yake yale ya taratibu, yanayokutazama kana kwamba hana safari nyingine duniani. Lakini siku ile ndani yake palikuwa na kitu. Nikajua si samaki.

"Una nini?" nikamnong'oneza.

"Emerance, kuna neno papa yangu aliniambia wakati anaumwa. Sikukuambia."

"Neno gani?"

"Kama nitakuambia sasa, utaniomba nisiliseme."

"Basi usiliseme."

Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. Akanishika vidole, akaviachia upesi kwa sababu mama alikuwa amegeuka.

*

Makaburi yalikuwa mwisho wa bonde, pale mlima unapoanza. Yaani yalikuwa hapo zamani. Sasa palikuwa miwa tu, imesimama kama ukuta. Bonaventure alihesabu hatua kutoka kwenye mti wa msufi, akaingia na panga. Tulimsikia anakata, anasimama, anakata. Baada ya muda akatuita.

Kaburi lilikuwa dogo, limezungushiwa mawe meupe ya ziwani. Msalaba haukuwapo. Mama akavua viatu. Akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake kwenye kilio, akaweka kiganja juu ya udongo. Akaanza kuongea na ndugu yake kwa Kitabwa, lugha yetu, polepole, kama mtu anayemsimulia mgonjwa habari za nyumbani. Alimwambia nani amezaa, nani amekufa, nani amejenga. Alimwambia mama yao alimlilia mpaka alipokufa. Mimi nilikuwa nimesimama nalia, silii kwa sauti. Miaka kumi na tisa ninaishi na mama huyu, na sikujua kwamba kila sikukuu ya kuzaliwa kwangu ilikuwa kwake siku ya msiba.

Kisha akageukia Kiswahili, ili Bonaventure asikie.

"Ignace, huyu musichana njo wako. Ulitakiwa weye ukae kwenye kiti, watu wakuletee maneno, weye useme ndiyo ao hapana. Sasa haupo, naamua miye." Akainua uso. "Kijana, kuja hapa. Kaa."

Bonaventure akakaa, upande wa pili wa kaburi.

"Nitakuuliza neno moja. Miaka yote wananiambia mudogo wangu alikuwa amelewa. Kama alikuwa amelewa, basi alijiua mwenyewe kwa upumbavu wake. Hakuna muntu aliyemuua. Sitakuwa na deni la damu na nyumba yenu, na huyu mutoto utamuchukua, hata kesho. Lakini kama hakuwa amelewa, basi papa yako alimutia kwenye mashine na papa yako akamutukana juu ya kaburi. Siwezi kuipatia nyumba hiyo mutoto wa Ignace. Weye uliishi na papa yako. Alikuambia nini?"

Naomba mnielewe nilivyokuwa pale. Neno moja tu. Alikuwa anahitaji kusema neno moja, na neno lenyewe kila mtu mjini analisema bure. Nilimwangalia Bonaventure, nikamwomba kwa macho yangu yote. Sema alikuwa amelewa. Mjomba mwenyewe atatusamehe. Sema, twende nyumbani.

Alinitazama. Aliona ninachoomba, na alinitazama kwa upendo kiasi kwamba nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Hakuwa amelewa, Mama."

Mama hakutikisika.

"Alikuwa na homa," Bonaventure akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Alikuja asubuhi kuomba ruhusa alale. Alikuwa anayumba. Papa alimuambia kwamba muntu wa zamu nyingine hajafika, na mashine haiwezi kusimama. Akamurudisha kazini. Kabla ya saa sita ikatokea. Bwana Kofia alipouliza, Papa aliogopa kufukuzwa. Akasema amelewa. Aliniambia mwenyewe, siku chache kabla ya kufa. Aliniambia kila mwaka alikuwa anakuja kufyeka hapa, na kila mwaka alikuwa anasema kesho nitakwenda kwa dada yake. Hakuenda."

Hewa ilikuwa ya joto, hakuna upepo, na miwa imetuzunguka pande zote. Nilingoja mama apige kelele. Hakupiga. Alikung'uta udongo kiganjani, akainuka, akachukua viatu vyake mkononi, akaondoka peke yake kuelekea kwenye jengo la mashine.

*

Nikamrukia Bonaventure. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Uongo mumoja!" nikamwambia. "Mumoja tu ulikushinda? Ku bandari haudanganyi wewe? Haukumudanganya mama leo kwamba umeshiba?"

"Nilimudanganya juu ya tumbo langu."

"Usinifanyie mizaha, Bonaventure. Umenitupa. Mbele ya mama yangu, umenitupa."

"Sikukutupa."

"Basi umefanya nini?"

Alikuwa bado amekaa chini, mikono juu ya magoti. "Sikia, Emerance. Ningesema alikuwa amelewa, leo ungekuwa wangu. Tungezaa. Mutoto wa kwanza mungemupatia jina la nani? La Ignace, mila yenu njo hiyo. Kila siku ningemuita mutoto wangu kwa jina la muntu niliyemutukana juu ya kaburi lake ili nipate bibi. Ningekutazama vipi?"

"Kama ulivyokuwa unanitazama."

"Hapana. Ungeona. Weye unaona kila kitu."

Nilitaka kuendelea kukasirika, kwa sababu hasira ilikuwa inanishikilia nisianguke. Lakini niliwaza: mwanamume huyu amepewa mke kwa neno moja la uongo, na amekataa. Hajamtetea baba yake. Hajajitetea. Mimi je, ni mume wa namna gani ninayemtafuta, kama si huyu? Na kadiri nilivyomwona anafaa, ndivyo nilivyozidi kuona ninavyompoteza. Nikakaa karibu naye. Nikaegemeza kichwa begani pake, pale pale mbele ya mjomba.

"Mama hatabadilisha neno," nikasema.

"Najua."

"Papa atasikitika."

"Mupelekee salamu zangu. Mwambie nitaomba nihamishiwe ku bandari nyingine. Sitaweza kukuona sokoni kila Jumamosi na kupita kama sikujui."

Nikamshika mkono kwa nguvu. Tulikaa hivyo. Nilikuwa ninajifunza uzito wa mkono wake, niuweke akilini, kwa miaka itakayokuja.

Jua liliposogea, tukasimama. Bonaventure aliyapanga mawe mawili yaliyokuwa yameanguka, kisha tukatoka, yeye mbele na panga, mimi nyuma. Njia aliyoikata ilikuwa nyembamba, mtu mmoja tu anapita.

Tulipofika katikati yake, tukamwona mama anakuja upande wetu. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliinua uso, akamwona Bonaventure, hatua kumi hivi mbele yake. Akasimama.

Halafu akavuta kitenge chake kutoka mabegani, akajifunika kichwa na uso. Akaiacha njia. Akajipenyeza ndani ya miwa, majani yale makali yanamkwaruza mikono, akatugeuzia mgongo.

Bonaventure aliangusha panga.

"Nimemukosea sana," akaniambia. "Hawezi hata kunitazama. Tupite upesi, Emerance, tusimutese."

Masikini. Desturi zote za watu anazijua, lakini alipofanyiwa yeye, hakuzitambua. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, nikamshika shati.

"Bonaventure. Mama amekukimbia."

"Naona."

"Hapana, hauoni. Mama amekukimbia. Njiani."

Akageuka kunitazama. Nikaona maana inamwingia polepole, kutoka kwenye macho hadi kwenye mabega. Akainamisha kichwa haraka, akageuza uso wake upande wa pili, kama inavyotakiwa.

Kutoka ndani ya miwa sauti ya mama ikaja, kavu, bila kugeuka.

"Emerance."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie huyo muntu, Barthélemy angekuja miye ningemusamehe. Alikuwa na miaka yote ya kuja. Mwambie yeye amekuja, na angeweza kunidanganya, na miye ningemushukuru."

Nikamwambia. Alikuwa amesimama pembeni yangu na alikuwa amesikia kila neno, lakini nikamwambia.

"Mwambie nyumba ya muongo siwezi kuipatia mutoto wa Ignace. Lakini nimeona muongo amekufa, na nyumba ina muntu mwingine. Mwambie alete wazee wake Jumamosi. Na siku hiyo nitaita katekista, nitaita watu wote wa ku Sukari wanaokaa mujini. Asimame mbele yao aseme yale aliyosema hapa. Mudogo wangu hakuwa amelewa. Aseme na jina la aliyemusingizia."

Bonaventure ana mama yake, Mama Anne, mwanamke mpole ambaye hadi siku ile alikuwa anavaa nguo za kilio cha mumewe, na kila Jumapili kanisani alimsifu mumewe huyo. Angekaa mstari wa mbele. Mwanawe angemvua baba yake heshima mbele ya mji mzima, ili anioe mimi.

Bonaventure alifumba macho.

"Mwambie Mama," akasema mwishowe, "kwamba mama yangu atanichukia."

Nikasema.

"Mwambie najua," mama akajibu. "Nitakwenda kwake mwenyewe kesho, nikae naye, nilie naye. Bwana yake na mudogo wangu, tutawalilia pamoja. Lakini Jumamosi aseme."

Bonaventure akafungua macho. Hakunitazama mimi, alikuwa anatazama kule makaburini.

"Mwambie nitasema."

"Mama, amesema..." Nikaishia hapo, nikaanza upya, kwa sababu ilikuwa kazi yangu na hakuna mwingine wa kuifanya. "Mama, mukwe wako amesema atasema."

Mgongo wa mama ukaanza kutikisika chini ya kitenge. Alilia pale pale ndani ya miwa, kwa sauti, kilio cha msiba cha miaka kumi na tisa, na Bonaventure alibaki amegeukia upande wa pili, kichwa chini, hakusogea hata hatua moja mpaka alipomaliza.